Wa mwaka wa kwanza wakifika, namba ya nani iko hatarini? Uzi wa kikapu cha vyuo, Mbeya na Iringa

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila vyuo vinapofunguliwa, Oktoba kuelekea Novemba, mjadala huku kwetu ni uleule: mwaka huu tumepata nani? Watu wanaulizia kama kuna mrefu aliyeripoti, kama kuna kijana aliyeng'ara UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, amepangiwa chuo chetu, kama yule mchezeshaji wa shule fulani ya Dar amechaguliwa Mbeya au kaenda zake Iringa. Mimi nimo kwenye benchi la ufundi la timu ya chuo kimoja hapa jijini, mwaka wa ngapi sasa, na kuna jambo naona linapotea kila tunapoanza mjadala huu.

Mgeni, hata awe na kipaji cha namna gani, habadilishi ushindani wa timu peke yake. Anayeamua kama ujio wake utaleta mabadiliko ni yule wa mwaka wa tatu ambaye namba yake imeingia hatarini. Akikubali kuigombea upya mazoezini, kila siku, mbele ya wenzake, timu nzima inapanda. Akiilinda kwa ukongwe, kijana atakaa benchi hadi mitihani ya semesta ya kwanza, na semesta ya pili hutamwona tena uwanjani.

Tuanze na tofauti yetu na Marekani, kwa sababu wengi tunajifunzia kule. Kule kocha anamfuata kijana hadi shuleni kwao, anakaa na wazazi sebuleni, anampa udhamini wa masomo, yaani anamchagua. Kwetu kijana anaomba chuo kwa matokeo yake ya kidato cha sita, anaangalia kozi, anaangalia mkopo, kikapu kinafuata baada ya hapo. Kocha unapokea alicholeta Mungu. Mwaka mmoja unapata watatu wanaojua kazi, mwaka mwingine unapata mmoja ambaye hajawahi kucheza kwenye uwanja wenye mistari. Kwa hiyo nguvu yetu haiko kwenye kuchagua wachezaji. Iko kwenye zile wiki nne tano za mwanzo, jinsi tunavyowapokea.

Nimeona sura mbili za mapokezi hayo.

Ya kwanza. Kulikuwa na kijana mpya, mpigaji mzuri sana wa pembeni. Mazoezini anakimbilia kona yake, anasimama, miguu tayari, mikono juu ya kifua vidole vimefunguka, anasubiri mpira. Mpira unapita. Wakongwe wanapasiana wenyewe kwa wenyewe hadi mmoja wao anarusha akiwa amebanwa na watu wawili. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Walimnyima pasi tu. Nilikuwa naangalia ile mikono. Wiki ya kwanza iko juu. Wiki ya pili inapanda mpira ukikaribia tu. Baadaye akawa anakimbilia kona ileile na mikono imening'inia. Mtu wa namna hiyo hata ukimwingiza kwenye mechi hawezi kufunga, maana ameshafundishwa kwamba mpira hauji. Aliacha, na sikuweza kumlaumu.

Ya pili. Zoezi la ribaundi, yaani kugombea mpira unaorudi kutoka ringini, wawili wawili chini ya ringi, kocha anagonga mpira kwenye ubao na kila mtu anamtoa mwenzake. Senta wetu wa mwaka wa tatu, mtu mzito, nahodha msaidizi, alikutanishwa na kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza aliyetoka kanda ya ziwa. Mpira wa kwanza kauchukua kijana. Wa pili kauchukua kijana. Wa tatu tena. Uwanja ukawa kimya, kila mtu anasubiri ugomvi. Yule senta akasimama, akafuta jasho, akamwambia, "Hebu rudia, mguu unauweka wapi?" Kijana akamwonyesha: kabla mpira haujagonga ubao anatanguliza mguu mmoja kukata njia, kisha anageuza mgongo na kukaa chini kidogo, makalio yanamkuta mpinzani kwenye mapaja. Ukishakaliwa hivyo huruki. Senta akajaribu palepale, mara ya kwanza akakosea, mara ya pili akapatia. Siku iliyofuata nikawakuta wachezaji wengine wanafundishana bila kuambiwa.

Kuanzia hapo mazoezi yetu hayakuwa yaleyale. Kijana yule hakuwa nyota, hadi anamaliza chuo alikuwa wa kuingia na kutoka. Lakini timu ilishuhudia mtu mkubwa akishindwa, akauliza, akaongeza kitu, na hakupungukiwa heshima hata kidogo. Baada ya kuona hivyo, nani angeogopa tena kushindana?

Mfano wa Marekani unaonifaa hapa ni chuo cha Duke, mabingwa wa vyuo wa mwaka 2015. Fainali dhidi ya Wisconsin iliisha 68 kwa 63. Katika hizo pointi 68, vijana wanne wa mwaka wa kwanza walifunga 60: Tyus Jones 23, Grayson Allen 16, Justise Winslow 11, Jahlil Okafor 10. Ukiishia kwenye takwimu utasema wageni walibeba kombe. Ila timu ile ilikuwa na mtu mmoja wa mwaka wa mwisho, Quinn Cook, nahodha, na yeye ndiye aliyekuwa mchezeshaji kabla Jones hajafika. Alimwachia Jones mpira, akahamia nafasi ya mpigaji, unahodha akabaki nao. Fainali alifunga pointi 6. Mimi nikiitazama timu ile namwona Cook kwanza.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kusikia wa Iringa na Njombe mnafanyaje.

---

Mwamba wa Makambako

Mkuu heshima yako, uzi umekaa vizuri, lakini kwenye hoja kuu nakupinga waziwazi.

Kipaji kikubwa kinajilazimisha chenyewe. Chuo cha Kentucky, 2012, Anthony Davis mwaka wa kwanza. Fainali na Kansas wameshinda 67 kwa 59, Davis amerusha mara 10 kaingiza 1 tu, bado kachukua ribaundi 16, kazuia mipira 6 na kuondoka na tuzo ya mchezaji bora. Mtu kama huyo unamnyimaje pasi? Halafu kulikuwa na Michael Kidd-Gilchrist, naye mwaka wa kwanza. Huyo ndiye aliyeanzisha mazoezi ya alfajiri kabla ya kifungua kinywa, kwa hiari yake, na wenzake wakaanza kujiunga. Huo ni utamaduni mpya kabisa umeletwa na mgeni. Mkongwe gani aliamua hapo?

Naongeza la kwetu. Makambako ni njia panda, timu za Mbeya, Iringa, Njombe na Songea zote zinapita hapa, tunaziona. Timu iliyopata vijana wawili watatu waliocheza kikapu cha kueleweka sekondari inajulikana tangu wanashuka kwenye basi. Msitafute falsafa. Tafuteni wachezaji.

---

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Mwamba, hoja ya Kidd-Gilchrist ni nzito na ni ya kweli. Mgeni anaweza kuleta desturi mpya. Lakini angalia alifikia kwa nani. Kentucky ile ilikuwa na Darius Miller, mwaka wa mwisho, mtoto wa jimbo hilohilo la Kentucky, mtu aliyekuwa anaanza mechi mwaka wa nyuma. Msimu wa ubingwa mechi nyingi alianzia benchi ili watoto waanze. Fikiria hilo kwa mazingira ya chuo chako: mzawa, umebakiza miezi michache, kijiji kizima kinakuja kukutazama, na unavua fulana ya mazoezi dakika ya tano ya robo ya kwanza huku mtoto wa mwaka wa kwanza yuko uwanjani tangu mwanzo.

Sasa mwaka uliofuata. Wachezaji 6 wa timu ile walichaguliwa NBA kwa mkupuo, Miller akiwemo. Wakaja wageni wengine wenye sifa kubwa tu. Machi 2013 Kentucky haikuingia hata kwenye mashindano makubwa, ikapelekwa kwenye yale ya daraja la pili na kutolewa mechi ya kwanza na Robert Morris, 59 kwa 57. Ni kweli senta wao Nerlens Noel alikuwa ameumia goti Februari, na hilo liliwaumiza sana. Hata hivyo bingwa mtetezi kutolewa pale si suala la goti moja. Kocha ni yuleyule, wageni walikuwepo, wa kuwapokea ndio hawakuwepo.

Na kwa nini twende mbali wakati tuna wa kwetu? Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alijiunga na chuo cha Connecticut mwaka 2006. Timu ile ilikuwa imetoka kupoteza wachezaji 5 waliochaguliwa NBA mwaka uleule. Hasheem na wenzake wakakuta nyumba haina mwenyewe. Msimu wao wa kwanza walishinda 17 wakapoteza 14, mashindano makubwa hawakuyaona. Urefu wa Hasheem ulikuwa uleule mita 2.21, mikono ileile. Msimu wake wa tatu, 2008-09, yeye na wenzake wa mwaka mmoja wakiwa sasa miongoni mwa wakubwa, walishinda 31 na kupoteza 5, wakafika nne bora. Hasheem akachaguliwa wa pili NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Hapo ndipo panaponigusa zaidi. Kwenye timu ile ya 2009 kulikuwa na mgeni wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker. Aliona jinsi wakubwa wale wanavyofanya kazi. Mwaka 2011 Kemba akiwa ndiye mkubwa, akiwa na wageni Jeremy Lamb na Shabazz Napier, Connecticut wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Butler 53 kwa 41. Mwaka 2014 Napier yuko mwaka wa mwisho, wakachukua tena. Na fainali walimfunga nani? Kentucky iliyoanza na watano wote wa mwaka wa kwanza, 60 kwa 54, Napier pointi 22.

Kwa hiyo sisemi tusitafute wachezaji, Mwamba. Nasema mgeni wa leo ndiye mkongwe wa miaka miwili ijayo, na alichofanyiwa atakifanya. Sisi Tanzania tuna bahati moja ambayo Marekani wameipoteza: kule tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo kila kiangazi timu zinavunjwa na kuundwa upya. Kijana wetu akishasajiliwa kwenye kozi yake yupo nawe miaka mitatu. Tunaichezea bahati hiyo.

---

Binti Rungwe

Kaka habari za kazi. Naomba tukumbukwe na sisi wasichana, maana hadithi yetu inapita njia nyingine kidogo.

Timu ya wanaume ikipata wageni inapata waliowahi kucheza kikapu. Sisi tunapata mabinti wa netiboli. Shule nyingi huku binti mwenye mwili na mbio anawekwa kwenye netiboli tangu darasa la tano, UMITASHUMTA ya shule za msingi, halafu UMISSETA. Anafika chuoni anaambiwa njoo kikapu. Wakongwe wanaanza kulalamika: hajui kudunda, akikamata mpira anaganda, akikaba anarudi nyuma.

Ni kweli anarudi nyuma, na kuna sababu. Netiboli mlinzi lazima akae sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Mtu amelelewa hivyo miaka minane, huwezi kumwambia wiki moja amkabe mwenzake hadi asikie pumzi yake. Lakini netiboli hiyohiyo inakupa sekunde 3 tu kukaa na mpira. Kwa hiyo wanapasia haraka kuliko sisi, wanakamata kwa mikono miwili, wanatua kwa usawa, hawakanyagi hatua.

Mwaka walipoingia wengi kwa pamoja tulikuwa tunafungwa nao mazoezini bila kuelewa. Wao hawadundi, sisi tunadunda hadi tunapokonywa. Mpira wao unafika upande wa pili kabla difensi yetu haijageuka. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, mchezeshaji wetu, ndiye aliyesema tuweke mchezo wa kutodunda, dakika kumi mwanzo wa kila mazoezi, pasi tupu. Yeye ndiye angeumia zaidi maana sifa yake yote ilikuwa kuudunda mpira. Ndivyo tulivyobadilika, na sasa timu nyingine zinatushangaa mpira unavyozunguka.

Kwa upande wa wanawake Marekani nawapenda South Carolina. Mwaka 2023 walifungwa nusu fainali na Iowa, kisha wote watano wa kuanza wakaondoka. Kila mtu akasema basi. Msimu uliofuata wameshinda mechi 38 bila kupoteza hata moja, fainali wakawafunga haohao Iowa 87 kwa 75. Tessa Johnson, mwaka wa kwanza, katoka benchi kafunga 19. Na Kamilla Cardoso, ambaye mwaka wa nyuma alikuwa wa akiba, alichukua ribaundi 17 siku hiyo. Yaani waliokuwa benchi walikuwa wanacheza mazoezini kama wanaoanza, hivyo nafasi ilipofunguka hakuna kilichoyumba.

---

Mzee wa Zoni

Vijana hamjambo.

Nimewasoma wote, mnaandika vizuri. Nami nilicheza kikapu zamani, viwanja vya misheni na vya mashirika ya umma, ringi za kuchomelea. Naomba niweke tahadhari.

Mnazungumzia mkongwe kukubali kushindwa kana kwamba ni jambo jepesi. Mwaka 1965 chuo cha UCLA kilikuwa bingwa wa Marekani mara mbili mfululizo. Enzi hizo sheria haikuwaruhusu wa mwaka wa kwanza kucheza timu kubwa, walikuwa na timu yao. Akaja Lew Alcindor, huyu mliyemjua baadaye kama Kareem Abdul-Jabbar. Wakaandaa mechi ya kufungua uwanja mpya, watoto wa mwaka wa kwanza dhidi ya mabingwa, mbele ya umati. Watoto wakashinda 75 kwa 60, Alcindor pointi 31. Msimu ule mabingwa wakashinda 18 na kupoteza 8, na hata kutetea ubingwa hawakwenda. Sisemi mechi ile peke yake ndiyo iliyowavunja, walikuwa na matatizo mengine pia. Lakini fikirieni nahodha wa timu ile alivyolala usiku huo.

Baadaye Alcindor alipopandishwa, UCLA walibeba ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1967 hadi 1969. Kocha John Wooden alikuwa na desturi moja: kila mwanzo wa msimu aliwakalisha wachezaji wote, wapya na wa zamani, akawafundisha kuvaa soksi bila mkunjo na kufunga kamba za viatu, ili wasipate malengelenge. Alcindor naye alikaa chini akavaa soksi kama wengine. Hapo naona busara kubwa. Siku ya kwanza wote mnakuwa wanafunzi wa jambo moja, hakuna anayelijua kuliko mwenzake.

Msimwaibishe mkubwa hadharani mkadhani mnajenga timu.

---

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umeniongezea kitu kikubwa na ninakishika.

Ndiyo maana ushindani wote sisi tunauweka ndani ya mazoezi. Pembeni ya uwanja wetu kuna ukuta wa stoo. Kila mchezo mdogo wa mazoezini tunaandika matokeo kwa chaki: nani walikuwa pamoja, walishinda au walifungwa. Hakuna pointi za mtu binafsi pale. Ijumaa tunajumlisha, na waliokuwa upande wa kushinda mara nyingi ndio wanaanza mechi ya kirafiki ya Jumamosi. Mkongwe akikosa kuanza anajua kwa nini, na anajua Jumatatu ukuta unafutwa. Mtu wa nje akipita anaona maandishi ya chaki tu.

Kitu ambacho chaki ilitufichulia ni kwamba mara nyingi anayeshinda si yule tuliyemdhania. Kuna wa mwaka wa kwanza mmoja asiyefunga hata kidogo, lakini kila upande aliopangwa ulishinda. Tukaanza kumtazama. Anaongea. Kwenye difensi anataja kila kizuizi kinachokuja, yaani mpinzani anayesimama kumzibia mlinzi njia, kushoto, kulia, badilisheni, kaa naye. Wakongwe wetu walikuwa wanakaba kimyakimya miaka yote. Sasa hivi uwanja wetu unasikika hadi hosteli.

---

Kijana wa Gangilonga

Wakuu, Iringa hapa. Nina suala la hali ya hewa, naona mnalipita.

Vijana wanaotoka Dar na Tanga wakifika huku wiki ya kwanza wanahema kama wamebeba mzigo. Iringa mjini tuko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mko juu zaidi, kama 1,700. Wakongwe wetu wanatumia wiki hiyo kuwakimbiza wageni hadi watapike, halafu wanasema "si mliwasifia hawa?" Na kocha anachagua timu hapohapo. Kuna mtu tulimwacha Novemba kwa sababu ya pumzi, Januari akawa anatukimbiza sote, lakini akichezea timu ya mtaani.

Halafu mvua. Wageni wanaripoti ndiyo mvua zinaanza. Uwanja wa zege uko wazi, maji yanatuama chini ya ringi moja, wiki mnaweza kufanya mazoezi siku mbili. Sasa huo ushindani wa kila siku mnaufanyia wapi?

---

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Kaka, hilo la pumzi nakubaliana nawe kabisa, na ni dhuluma ya wazi. Mwili unahitaji wiki mbili tatu kuizoea hewa nyepesi ya huku. Ombi langu kwa kocha yeyote wa Nyanda za Juu anayesoma hapa: usitangaze timu kabla ya wiki ya nne. Wiki za mwanzo mpime mgeni kwa vitu visivyotegemea mapafu. Anakamataje mpira, anasimama wapi difensi ikigeuka, akikosea anaangalia chini au anarudi kukaba.

Kuhusu mvua, sisi tulijikuta tunafaidika. Upande wetu mmoja wa uwanja una mteremko, maji yanatoka, upande wa pili ni bwawa. Tukahamia watatu kwa watatu kwenye ringi moja, kwa sheria zilezile za FIBA zinazotumika Olimpiki tangu Tokyo: sekunde 12 za kurusha, anayefika pointi 21 kwanza kashinda, au dakika 10 zikiisha anayeongoza. Sisi kwa sababu ya foleni tunapunguza, tunacheza hadi 11, aliyefungwa anatoka na walioshinda wanabaki.

Siri iko kwenye kupanga. Kila timu ni mkongwe mmoja, wa mwaka wa pili mmoja, mgeni mmoja. Watatu hawatoshi kumficha mtu. Ukimnyima mgeni pasi unacheza wawili dhidi ya watatu na unatoka nje kusimama kwenye baridi na fulana imelowa. Nimeona mkongwe mwenye kiburi akianza kumfundisha mgeni wake jinsi ya kutoka kwenye kizuizi, kwa sauti ya chini, sababu tu amechoka kutoka nje. Kufika mvua zinapungua wameshazoeana. Na ile mikono niliyoisimulia juu kule, ya mtu anayesubiri pasi, haishuki tena.

Mwamba, bado unapinga?

---

Mwamba wa Makambako

Nusu. Bado naamini ukiwa na Anthony Davis mambo mengi yanajipanga. Lakini hatuna Anthony Davis, hilo nalikubali, na hiyo ya watatu kwa watatu wenye mkongwe mmoja kila timu naipeleka kwa vijana wa hapa wiki hii.

Swali: mkongwe akikataa kabisa? Kuna watu hawabadiliki.

---

Binti Rungwe

Naomba nijibu hilo kabla ya kaka. Kwetu aliyekataa alikuwa mfungaji wetu bora. Kocha hakumfukuza. Alimpa mgeni mmoja amsimamie: kila jioni baada ya mazoezi wanapiga mitupo huru pamoja, na matokeo ya mgeni yanaandikwa kwa jina la yule dada. Mgeni akikosa, deni ni la dada. Mwanzoni alinuna, akawa anahesabu tu huku anaangalia simu. Baadaye simu ikakaa kwenye begi. Alipoona yule binti amepatia 8 kati ya 10 alipiga kelele kuliko sisi wote.

Siyo kila mtu ataitikia hivyo. Asipoitikia, aanzie benchi kama wengine, hata kama tutafungwa mechi mbili tatu. Mimi ningekubali kufungwa.

---

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Sina cha kuongeza hapo, dada. Nakubaliana nawe hadi kwenye kufungwa. Ugumu ni kwamba viongozi wa michezo wa chuo wanataka matokeo ya mashindano ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu, mwaka huuhuu, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anataka medali kabla hajahitimu. Kocha anabanwa. Ila mechi mbili za Novemba hazina uzito wa miaka miwili ya vijana wanaokuja.

---

Mgeni Mtarajiwa

Shikamooni wote. Nimemaliza kidato cha sita, nimepata chuo hapo Mbeya, natokea Morogoro. Nimecheza kikapu shuleni, mimi ni mchezeshaji. Nimesoma uzi wote na sasa naogopa kidogo. Nikifika nifanye nini ili nipate namba? Nina urefu wa kawaida tu.

---

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kuchaguliwa.

Usiogope. Ukifika wiki ya kwanza, kamilisha usajili wa chuo kwanza, hosteli na mambo ya mkopo, kisha njoo uwanjani hata kama hujatangaziwa. Njoo na viatu vyenye soli ya mpira isiyoteleza, maana zege likilowa ndipo watu wanapoumia vifundo. Njoo na sweta, jioni huku si kama Morogoro.

Usianze kwa kuonyesha unachojua kufanya na mpira mkononi. Wachezeshaji wote wapya wanafanya hivyo, na wakongwe wanachoka kuwatazama. Anza na difensi, mkabe mchezeshaji mkongwe mita zote za uwanja, kwa adabu, bila kumshika jezi. Akikupita, rudi umkabe tena. Akikuuliza umetoka wapi, mwambie. Siku ya tatu au ya nne muulize yeye, siyo kocha, anaisomaje zoni, yaani ulinzi wa kila mtu na eneo lake. Wengi hawajawahi kuulizwa, utashangaa watakavyokueleza.

Na wiki mbili za mwanzo pumzi itakusumbua. Usimwambie mtu unaumwa, mwambie kocha umetoka ukanda wa chini, atakuelewa. Kunywa maji, lala mapema, usiruke mazoezi.

Ukipangwa watatu kwa watatu na mkongwe asiyekupa pasi, kaa kwenye nafasi yako na mikono iwe tayari. Tutakuwa tunaangalia.

---

Mgeni Mtarajiwa

Asante sana kocha. Viatu ninavyo, sweta nitanunua sokoni Mwanjelwa nikishafika. Mazoezi yanaanza saa ngapi?

---

KikapuNyandaJuu (mleta uzi)

Sweta usinunue siku ya kwanza, Mwanjelwa ukionekana mgeni utauziwa bei ya mgeni. Nenda na mwenzako wa hosteli. Kwetu mazoezi ni saa kumi na nusu jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa tunajumlisha matokeo ya wiki. Mvua ikinyesha tunaanza inapokatika, hivyo usiondoke uwanjani mapema. Chuo chako kikiwa kingine, waulize wenyeji wako saa zao, na siku ya kwanza wahi nusu saa usaidie kufagia maji.